Mwaka 1054 Kanisa halikupasuka kwa siku moja

Wengi husema Wakatoliki na Waorthodoksi walitengana tarehe 16 Julai 1054, basi. Mambo hayakwenda hivyo. Siku hiyo Kardinali Humbert, mjumbe wa Papa, aliingia kanisa kuu la Hagia Sophia mjini Konstantinopoli (Istanbul ya leo), akaweka juu ya altare hati ya kumtenga na Kanisa Patriarki Michael Cerularius, mkuu wa Kanisa la huko, na wenzake, akatoka zake. Hati haikulitenga Kanisa zima la Mashariki, yaani la Waorthodoksi. Na Papa Leo IX aliyemtuma alikuwa ameshafariki tangu Aprili! Patriarki naye akajibu kwa kuwatenga wajumbe, si Papa.

Ugomvi ulikuwa wa zamani: mkate usiotiwa chachu ambao Magharibi waliutumia katika Misa, maneno “na Mwana” ambayo Magharibi waliyaongeza katika Kanuni ya Imani (kwamba Roho Mtakatifu hutoka kwa Baba “na Mwana”), na zaidi ya yote, mamlaka ya Papa. Kidonda kisichopona, kwa maoni yangu, ni cha 1204, wanajeshi wa Vita vya Msalaba kutoka Magharibi walipoiteka Konstantinopoli na kupora hata vyombo vya altare. Muungano wa Makanisa hayo mawili uliotiwa sahihi mjini Florence, Italia, mwaka 1439 ulikataliwa na waumini wa Mashariki.

Hukumu za 1054 zilifutwa 7 Desemba 1965 na Papa Paulo VI na Patriarki Athenagoras. Komunyo ya pamoja bado haijarudi.