Mgonjwa wa kifua Kanda ya Ziwa na sheria zinazomhusu: maswali na majibu

Maswali haya ni ya aina ninayokutana nayo kwa wagonjwa na ndugu zao Mwanza na Geita. Majibu ni ya upande wa Tanzania. Msomaji wa Kisumu au Jinja tunachangia ziwa, lakini sheria zake ni nyingine.

Nimeambiwa sina TB, sina pumu, nina "ugonjwa sugu wa mapafu". Hayo mambo ya sheria yananihusu nini?

Yanakuhusu kila unapofika dirisha la dawa. Ugonjwa huu, ambao madaktari huuita COPD, husinyaza njia za hewa na hauponi kabisa, kwa hiyo utahitaji dawa na vipimo miaka yote. Shirika la Afya Duniani linasema uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021, ukiwa wa nne kwa kuua duniani. Sigara ni chanzo kimoja tu. Huku kwetu kuna pia moshi wa kuni na mkaa, vumbi la kazini, na TB iliyotibiwa ikapona lakini ikaacha makovu.

Tanzania haina sheria moja ya wagonjwa wa mapafu. Kuna vipande vilivyotawanyika katika sheria ya bima, ya fidia, ya usalama kazini na ya tumbaku. Vingi vya vipande hivyo haviwezi kukusaidia kama jina la ugonjwa wako halijaandikwa mahali popote.

Lakini cheti ninacho. Hakitoshi?

Kifungue ukisome. Mara nyingi utakuta "kikohozi", "kifua", au dozi ya antibayotiki iliyorudiwa mara nne kwa mwaka. Wapo walioanzishiwa dawa za TB zaidi ya mara moja bila vimelea kuonekana kwenye makohozi, kwa sababu tu kikohozi hakikukoma.

Kipimo kinachothibitisha COPD ni cha kupuliza, kinaitwa spirometria. Unavuta hewa mpaka kifua kijae, unabana midomo kwenye kijimrija, kisha unapuliza kwa nguvu zako zote, na mhudumu anakuhimiza "puliza, puliza, usiachie" hadi hewa iishe. Mashine inalinganisha hewa iliyotoka sekunde ya kwanza na hewa yote uliyotoa. Ukishavutishwa salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, na bado sehemu ile ya sekunde ya kwanza iko chini ya asilimia 70, njia zako za hewa zimeziba, wala si uvivu wa kupuliza. Picha ya eksirei peke yake haijibu swali hilo.

Zahanati haina mashine hii, na hata hospitali nyingi za wilaya hazina. Omba rufaa, na ukishapimwa usiondoke bila nakala. Utanisikia nikirudia neno "nakala" hadi unichoke.

Bima ya afya kwa wote italipia inhela yangu, kile kichupa cha dawa ya kuvuta?

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023. Inamtaka kila mkazi ajiunge na mfuko wa bima, na inaweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo. Ila sheria yenyewe haiorodheshi kila dawa. Hilo liko kwenye kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma na dawa zinazolipiwa, na kitita hubadilika.

Kwa hiyo kabla ya kulipa mchango wowote, uliza mambo matatu kwa majina: salbutamol ya kuvuta imo? Dawa ya kuvuta ya kuzuia, kama beclomethasone au budesonide, imo? Oksijeni ya nyumbani je? Hapo kwenye oksijeni ndipo wengi hukwama. Mtu anaruhusiwa kutoka wodini akiwa bado anaihitaji, na nyumbani kwake Igoma, hapa Mwanza, hakuna mtungi wala mashine, halafu umeme nao unakatika.

Asiye na bima wala fedha apitie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Sera ya Afya ya 2007 inatambua msamaha kwa wazee wasio na uwezo na kwa baadhi ya magonjwa sugu. Nenda na kitambulisho, barua ya mtendaji wa mtaa na, ndiyo, nakala ya kipimo.

Mume wangu alifanya kazi mgodini miaka mingi. Sasa hawezi kupanda ngazi. Kuna fidia?

Mama, jibu linategemea alikuwa na mwajiri au hakuwa naye.

Vumbi la mwamba wenye dhahabu huwa na silika. Likiingia mapafuni halitoki. Linaleta makovu, ugonjwa uitwao silikosisi, ambao unaweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi. Hauna dawa ya kuuponya na unamweka mtu karibu zaidi na TB. Kwa hiyo apimwe na TB pia, matibabu yake ni bure.

Kama aliajiriwa, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 ilimtaka mwajiri ampime afya kabla ya kuanza kazi na mara kwa mara akiwa kazini. Ziombeni kumbukumbu hizo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 inatambua magonjwa yatokanayo na kazi, na madai hupelekwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Msingoje hali iwe mbaya ndipo muanze, maana madai yana muda wake. Daktari aandike wazi historia ya kazi: alichimba wapi, miaka mingapi, alikuwa kwenye kuchoronga (kutoboa mwamba) au kwenye karasha (mashine ya kusaga mawe). Maneno "anakohoa, apumzike" hayamsaidii anayepitia madai.

Sasa tuje kwa wengine, nao ndio wengi. Wachimbaji wadogo wa Geita wanalipwa kwa mgao wa mawe, hawana mkataba, na karasha inasaga mbele ya nyuso zao mpaka kope zinakuwa nyeupe kama za mtu aliyetoka kinuni. Mfuko wa fidia umejengwa juu ya mchango wa mwajiri, na hapo mwajiri hayupo. Kwa maoni yangu hili ndilo pengo kubwa kuliko yote katika sheria zetu za mapafu, na mtetezi akiniuliza aanze na lipi, nitamtaja huyu wa kwenye karasha.

Mimi nabanika sangara, sina bosi. Moshi wote ni wangu.

Huna wa kumdai fidia, kweli. Ila una pa kusimamia. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Maneno yake mengi ni ya jiko la nyumbani. Mwanamke anayeinama kwenye banda la kubanikia siku nzima anavuta moshi kuliko anayechemsha ugali, na haonekani sana humo. Tanuri lenye bomba la kutolea moshi lingeweza kuombwa kupitia mikopo ya halmashauri ya vikundi vya wanawake. Liandikeni kwenye andiko la mradi kama kifaa cha kazi.

Baa ya jirani wanavuta sigara ndani. Inaruhusiwa?

Sheria ya tumbaku ya 2003 inazuia uvutaji kwenye maeneo mengi ya umma, lakini inaruhusu kutenga sehemu za kuvutia. Mwanya huo umewafaa wenye baa kuliko wenye vifua. Lalamika kwa bwana afya wa kata, kwa maandishi.

Tukitaka kupaza sauti kama kikundi, tuende Dodoma?

Dodoma baadaye. Wagonjwa wa TB na waishio na VVU walisikika kwa kuwa walijiunga, na sisi wa mapafu bado kila mmoja anakohoa kwake. Anzeni na wagonjwa wanaokutana kliniki siku moja.

Kisha muandikieni Mganga Mkuu wa Wilaya: inhela ziliisha zahanati yetu lini, na ziliagizwa ngapi? Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inatoa siku 30 za kujibiwa. Jibu hilo mpelekeeni diwani kabla bajeti ya halmashauri haijafungwa, kwa sababu Bunge likianza kujadili bajeti Aprili, ya wilaya yenu yameshapangwa.

Kuna pia silaha mpya. Mei 2025 Baraza la Afya Duniani, ambalo Tanzania ni mwanachama wake, lilipitisha azimio la kuzitaka nchi zishughulikie afya ya mapafu kwa pamoja. Azimio si sheria, hakuna atakayeshitakiwa kwa kulipuuza. Litajeni tu kwenye barua kwa Kamati ya Bunge ya Afya na Masuala ya UKIMWI, hasa muswada unapokuwa mikononi mwa kamati na wadau wanaitwa kutoa maoni. Barua iwe ya ukurasa mmoja, yenye ombi moja. Mkiomba inhela, oksijeni na fidia kwa pamoja, watawajibu lile rahisi.