Injini ya tabaini haisukumi gari kwa moto wa nyuma

Juzi kwenye gereji moja ya Changamwe, fundi kijana aliyekuwa akisafisha nozeli kwa dizeli aliniambia kwa uhakika: gari likitiwa injini kama ya ndege, moto wa nyuma ndio utakaolisukuma, na aliye nyuma yake ataungua. Wengi hapa Mombasa wanaamini hivyo. Sivyo.

Injini hiyo huitwa tabaini. Ikiwa kwenye gari huvuta hewa, huikandamiza, huichoma pamoja na mafuta, kisha ile gesi ya moto huzungusha mapanga yaliyofungwa kwenye shafti. Shafti hupeleka nguvu kwenye gia, gia hadi magurudumuni, kama gari lolote. Rover wa Uingereza walionyesha gari lao la tabaini, JET1, mwaka 1950. Chrysler wa Marekani, kuanzia 1963, waliwapa raia magari 50 ya tabaini wayajaribu. Injini ya magari hayo ilizunguka zaidi ya mara 40,000 kwa dakika, ikakubali dizeli na hata mafuta ya taa. Moshi wake haukuunguza mtu, kwa sababu joto lilinaswa kwanza na kurudishwa kwenye hewa inayoingia. Kwangu mimi huo ndio ufundi wenyewe.

Kilichoyaponza magari hayo ni unywaji wa mafuta. Tabaini hula mafuta mengi hata gari likisimama. Fikiria foleni ya feri pale Likoni jioni. Hata hivyo, Abrams, kifaru cha kivita cha Marekani, bado kinaitumia.

Gari linalosukumwa kweli lipo: Thrust SSC, lililofika kilomita 1,228 kwa saa jangwani Nevada mwaka 1997. Magurudumu ya hilo huzunguka tu, hayaendeshwi na injini.