Ile Damu Ilisema Nini? Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Utafiti wa Tiba

Gari la utafiti likisimama kijijini, hakosi mama atakayemwita mwanawe aingie ndani. Neno linalonong'onwa ni lile walilonong'ona mababu enzi za mkoloni: mumiani. Wakati ule walishukiwa hata wazimamoto, kwamba hukamata watu usiku na kuwakamua damu ya kutengenezea dawa. Siku hizi anayeshukiwa ni kijana mwenye kishikwambi na kasha la barafu. Niliwahi kuwa kijana huyo, nikisoma fomu za ridhaa kwenye mabenchi ya kliniki, na mengi ya haya niliyasikia kwa masikio yangu.

“Wanachukua damu wakaiuze”

Mara nyingi kinachochukuliwa ni mililita 3 hadi 5, yaani hakizidi kijiko cha chai, na mtu mzima ana takriban lita 5 mwilini. Hakuna mnunuzi wa kijiko cha damu. Watafiti wengi huishia hapo wakidhani wamejibu. Hawajajibu, maana hofu ile ina mzizi: kilichotoka mwilini mwako kinaweza kumtajirisha mwingine. Mwaka 1951, katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi aliyekuwa na saratani ya mlango wa kizazi, alichukuliwa seli za uvimbe wake bila kuombwa ruhusa. Seli hizo, zinazoitwa HeLa, zinaishi maabara hadi leo na zimeuzwa dunia nzima. Familia yake ilikaa miaka zaidi ya 20 bila kujua. Basi anayekuja kukutoa damu muulize: sampuli itakaa wapi, kwa miaka mingapi, itavuka mpaka, na nani mwingine ataitumia? Majibu yanatakiwa yawemo kwenye fomu. Yasipokuwemo, usitie sahihi.

“Kuingia kwenye utafiti ni kutibiwa bure”

Hii ndiyo dhana sugu kuliko zote, na nimeisikia hata kwa wauguzi. Daktari anakutibu wewe. Utafiti unatafuta jibu: katika majaribio mengi ya tiba washiriki hugawanywa katika makundi ya kulinganishwa, na kundi utakaloingia huamuliwa kwa kura ya bahati nasibu. Ndiyo maana sharti la kwanza ni kwamba asiwepo anayejua kwa hakika kundi lipi lina nafuu. Akiwepo, kura hiyo ni dhuluma.

Mfano tunao hapa hapa Afrika Mashariki. Utafiti ulioitwa FEAST uliwahusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, katika hospitali za Kilifi, Mbale, Muheza na kwingineko. Waliletwa na homa kali, damu ikizunguka kwa shida. Mwongozo uliotoka nchi tajiri ulisema mtoto wa namna hiyo atundikiwe maji mengi kwa haraka. Kuwaacha theluthi ya watoto bila maji hayo ya haraka kulionekana na wengi kama ukatili. Januari 2011 utafiti ulisitishwa kabla ya wakati wake, kwa ushauri wa kamati huru iliyokuwa ikifuatilia usalama. Ndani ya saa 48, waliotundikiwa maji ya haraka walikufa kwa asilimia 10.6 kwa aina moja ya maji na 10.5 kwa nyingine. Wasiotundikiwa walikufa kwa asilimia 7.3. Kumbe kile tulichokiita huruma ndicho kilichokuwa kikiua. Kila nikimsikia mtu akisema Waafrika wasifanyiwe utafiti kabisa, nawakumbuka watoto hao. Bila utafiti ule tungeendelea kufuata kanuni iliyozoeleka kwenye hospitali zenye vyumba vya wagonjwa mahututi, huku wa kwetu wakifa na sisi tukiamini tumefanya kila liwezekanalo.

Wapo waliolalamikia ridhaa yake, kwa sababu wazazi wengine walikubali kwanza kwa mdomo na fomu ikafuata baadaye. Mimi siwalaumu watafiti kwa hilo. Mama aliyembeba mtoto anayezimia hawezi kusomewa kurasa nzima za maelezo, na kamati za maadili zilikuwa zimeupitisha utaratibu huo mapema.

“Wasiopewa dawa wameonewa”

Si kila mara, kama tulivyoona. Lakini lipo doa moja ambalo halifutiki. Mwaka 1994 ilithibitika kwamba dawa ya AZT hupunguza maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, kutoka asilimia 25 hivi hadi 8. Baada ya hapo wajawazito wa Afrika na Thailand bado waliingizwa katika majaribio ambamo baadhi yao walipewa vidonge vitupu, yaani visivyo na dawa ndani, Dar es Salaam na Kampala zikiwemo. Waliotetea walisema dozi ndefu ya AZT iliyothibitika ilikuwa ghali mno kwa nchi zetu, kwa hiyo ilibidi kujua kama dozi fupi inashinda kutokutumia chochote. Sijawahi kukubaliana nao. Jibu lilishajulikana kwamba dawa inafanya kazi, na mtoto wa Temeke hakuwa na sababu ya kupewa kidonge kitupu kwa kuwa tu serikali yake ni maskini. Vidonge vitupu viliachwa mapema mwaka 1998, baada ya matokeo ya Thailand kutoka.

“Wale wa Tuskegee walidungwa kaswende”

Hawakudungwa. Katika utafiti uliofanyika Tuskegee, Alabama, nchini Marekani, wanaume 399 weusi walikuwa nayo tayari, wakafuatiliwa kuanzia 1932 hadi 1972 bila kutibiwa, ingawa penisilini ilishapatikana tangu miaka ya 1940. Waliodungwa makusudi walikuwa Guatemala, 1946 hadi 1948, na waliofanya hivyo walikuwa maofisa wa afya wa Marekani. Tofauti hii ina uzito: Tuskegee inaonyesha kwamba mtafiti anaweza kuua bila kushika sindano.

“Ukishaweka dole gumba huwezi kutoka”

Unaweza, siku yoyote, bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida hayaguswi.

“Limeandikwa kwenye jarida kubwa, basi ni kweli”

Mei 2020 jarida la The Lancet lilichapisha makala iliyodai kutumia taarifa za wagonjwa wa korona zaidi ya 96,000 zilizokusanywa na kampuni moja kutoka hospitali za dunia nzima, na kuonya kwamba dawa ya haidroksiklorokwini inaongeza vifo. Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda majaribio ya dawa hiyo. Kilichowashtua wanasayansi, pamoja na mengine, ni Afrika: kwa hesabu za makala ile, karibu mgonjwa mmoja kati ya kila wanne barani alikuwa kwenye hospitali zilizoshirikiana na kampuni hiyo, zenye kumbukumbu za kielektroniki zilizokamilika. Aliyewahi kuona masjala ya hospitali ya wilaya angetilia shaka siku hiyo hiyo. Makala ilibatilishwa Juni 4, wiki mbili tu baadaye.

Na wanaodhani majarida huwalipa watafiti wajue kwamba mara nyingi ni kinyume. Jarida la Nature lilitangaza mwaka 2020 ada ya euro 9,500 ili makala moja isomwe bure na wote. Usipolipa, msomaji ndiye hulipa, au hasomi.

Azimio la Helsinki, mwongozo wa Chama cha Madaktari Duniani kuhusu maadili ya utafiti wa tiba, linasema kila mshiriki apewe nafasi ya kuelezwa matokeo ya utafiti. Mwaka mmoja baada ya mradi wetu kufungwa nilikutana sokoni na mama niliyemsomea fomu. Alinisalimia vizuri, akaniuliza, “Mwanangu, ile damu ilisema nini?” Makala ilikuwa imekwisha kuchapishwa, kwa Kiingereza, na hata mimi sikuweza kuifungua bila kulipia.