Kinga ya ubalozi inaishia getini

Hapa Tanga akina mama wengi wamenijia na swali moja, na karibu wote hulianza hivi: "Mwanangu, ubalozi si ndiyo Tanzania yenyewe iliyoko kule? Basi kwa nini wasiende kumchukua binti yangu?" Binti yuko Oman kwa kazi za ndani, mshahara haujaonekana, na pasipoti yake kaishika mwajiri. Nimefanya kazi za kikonseli, yaani za kuwahudumia raia wetu walio nje ya nchi, miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, na naona swali hili linastahili jibu kamili, kwa sababu imani iliyomo ndani yake huwapotezea watu wetu muda ambao hawana.

Tuanze na ardhi. Kiwanja cha ubalozi wetu Muscat ni ardhi ya Oman, kama ambavyo kiwanja cha ubalozi wa Marekani pale Barabara ya Zamani ya Bagamoyo, Dar es Salaam, ni ardhi ya Tanzania. Mtoto akizaliwa ndani ya ubalozi, jengo halimpi uraia. Mtu akimjeruhi mwenzake mle ndani, kosa limetendeka katika nchi mwenyeji. Kilichopo ni kinga. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, Ibara ya 22, unasema maofisa wa nchi mwenyeji hawaingii humo bila ridhaa ya mkuu wa ubalozi. Hawapekui, hawakamati mali, hata magari ya ubalozi hawayapekui. Nchi mwenyeji ina wajibu pia wa kulilinda jengo lisivamiwe, na sisi Watanzania uzito wa wajibu huo tuliuona tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipoua watu 11 katika ubalozi wa Marekani Dar es Salaam.

Kinga hiyo ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Ubalozi ukishika moto, zimamoto wakafika na mipira yao, balozi akisema msiingie, hawaingii. Mkataba haukuacha mwanya wowote kwa ajili ya dharura, na mimi naona ni sahihi, maana asiyekutakia mema hashindwi kuizua dharura. Mkataba wa 1963 wa mambo ya kikonseli ulilegeza kidogo: ubalozi mdogo, yaani ofisi ya kikonseli, ukiungua, ruhusa ya mkuu wake inaweza kuhesabiwa kuwa imetolewa. Ndiyo kusema Ubalozi Mdogo wetu Mombasa, ambao kwa mtu wa Tanga ndio wa karibu kuliko wote, hauna kinga iliyo sawa kabisa na ile ya ubalozi wetu Nairobi, ingawa bendera ni ileile.

Anayetaka kujua kinga hiyo inaweza kuuma kiasi gani akumbuke London mwaka 1984. Tarehe 17 Aprili, watu walikuwa wakiandamana kumpinga Gaddafi, mtawala wa Libya, mbele ya ofisi ya ubalozi wa Libya katika uwanja wa St James's Square. Risasi zikatoka kwenye dirisha la jengo hilo. Askari wa kike, Yvonne Fletcher, mwenye umri wa miaka 25, akauawa. Polisi wa Uingereza walilizingira jengo siku 11. Walikuwa na silaha, walikuwa na idadi, na hasira ya taifa zima ilikuwa nyuma yao. Hawakuvunja mlango. Serikali ilivunja uhusiano wa kibalozi na Libya, ikawapa muda wa kuondoka, na waliokuwemo wakatoka wakapanda ndege kurudi kwao. Polisi waliingia baada ya hapo.

Ni uchungu mkubwa, na familia ya Yvonne ilikuwa na kila haki ya kulia. Lakini Uingereza nayo ilikuwa na watu wake Tripoli, ndani ya ubalozi wake. Kila serikali inaiheshimu nyumba ya mwenzake kwa sababu na yeye ana nyumba kwa huyo mwenzake. Mkono ukivunja mlango mmoja, milango yote inalegea.

Nyumba hiyo inalindwa hivyo ili watu waliomo waseme kwa niaba ya serikali yao bila hofu. Na kuwepo kwake tu ni kauli. Nchi yetu ililijua hilo mapema. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, nayo ikafungua ubalozi kisiwani. Tulipoungana Aprili mwaka huohuo, Mwalimu Nyerere akajikuta na mgogoro mkononi, maana Ujerumani Magharibi haikukubali kuwa na uhusiano wa kawaida na nchi inayoitambua ile ya Mashariki. Mwalimu akatafuta njia ya kati: ubalozi wa Zanzibar ufungwe, Ujerumani Mashariki iruhusiwe kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam, pasipo kutambuliwa rasmi. Hata hivyo Ujerumani Magharibi haikuridhika. Mapema 1965 iliondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu akajibu kwa kukataa misaada mingine ya serikali hiyo pia. Wanaosema kibao cha mlangoni, kiwe cha ubalozi au cha ubalozi mdogo, ni pambo wasome habari hiyo.

Sasa nirudi kwa yule mama. Mkataba uleule unaolilinda jengo ndio unaowafunga mikono waliomo. Ibara ya 41 inawataka waheshimu sheria za nchi mwenyeji, wasiingilie mambo yake ya ndani, na shughuli zao rasmi zipitie wizara ya mambo ya nje ya nchi hiyo. Ofisa wetu hawezi kwenda nyumbani kwa kafili, yaani mwajiri anayemdhamini binti kule, akagonga, akamtoa binti. Akithubutu, mwenye makosa ni yeye, na siku ya pili anaweza kuambiwa afungashe. Anachoweza ni kupiga simu, kuandika, kumwona mwajiri kwa miadi, kwenda ofisi ya kazi, kwenda polisi, kutembelea gereza, kutoa hati ya dharura ya kusafiria kwa aliyepoteza pasipoti. Hawezi kuwa wakili wake mahakamani, halipi madeni yake, hafuti kesi.

Kwa hiyo silaha yake ni maneno na karatasi, na karatasi hiyo inaanza hapa kwetu. Nimeletewa simu nisikilize sauti ya WhatsApp, msichana analia, "niko Oman, nisaidieni." Oman ipi? Salalah iko kama kilometa 1,000 kutoka Muscat. Jina la kafili halijulikani, mtaa haujulikani, mkataba aliusaini bila kubaki na nakala, na wakala aliyempeleka hapokei simu tena. Ofisa ataandika nini kwenye barua yake?

Kabla binti hajaondoka, nakala ya ukurasa wa pasipoti wenye picha ibaki nyumbani, pamoja na mkataba wa kazi na jina na namba ya wakala. Akishafika, atume jina kamili la kafili, namba yake ya simu, mji na eneo, na picha ya kadi yake ya ukaazi akishaipata. Pasipoti ni mali ya Serikali ya Tanzania, hivyo ubalozi una msingi mzuri wa kuidai kwa maandishi, ila lazima ujue inadaiwa kwa nani.

Jambo jingine nalisema kwa msisitizo: awasiliane na ubalozi kabla ya kukimbia. Akitoroka, kafili anaweza kumripoti kuwa ametoroka kazini, na tangu hapo kesi ya mshahara inakuwa pia kesi ya uhamiaji. Hata akifika ubalozini akapokelewa, polisi hawamfuati ndani, lakini njia ya uwanja wa ndege inapita mikononi mwa maofisa wa Oman, na kibali cha kutoka wanakitoa wao. Ubalozi usipopatikana, familia iandike kwa Wizara ya Mambo ya Nje, Dodoma, ikiambatisha nakala hizo.

Vijana wanaovuka Horohoro kwenda Kenya, na wavuvi wanaojikuta maji ya upande wa pili, wao wajue Ibara ya 36 ya mkataba wa 1963. Mgeni akikamatwa ana haki ya kuambiwa kwamba anaweza kuomba ubalozi wake ujulishwe, na akiomba, ujulishwe bila kuchelewa. Mwaka 2001, katika kesi ya Wajerumani wawili, ndugu LaGrand, waliohukumiwa kifo na kunyimwa haki hiyo Marekani, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitamka kuwa haki hiyo ni ya mtu mwenyewe pia, si ya serikali yake peke yake. Lakini taarifa hutumwa pale aliyekamatwa anapoomba. Basi aiombe, hata asipoulizwa. Kule Kwale au Mombasa ataeleweka kwa Kiswahili. Anayekwenda Muscat aandikiwe ombi hilo kwa Kiarabu aitunze kwenye pochi. Walimu wa madrasa wa kumwandikia Tanga hatujawakosa.