Sheria Kufa kwa Kutotumika: Maana na Mipaka Yake

Sheria iliyotungwa na Bunge kwa kawaida huondoka kwa mlango ule ule iliyoingilia: Bunge hutunga nyingine ya kuifuta, au yenyewe hufikia tarehe ya ukomo iliyowekwa tangu mwanzo. Zipo, hata hivyo, sheria ambazo hazijafutwa na wala hazitumiki. Polisi hawamkamati mtu kwa kuzivunja, waendesha mashitaka hawaandiki hati, na wananchi wanafanya mchana kweupe kile zinachokikataza. Sheria ikiachwa hivyo muda mrefu hadi ikahesabiwa kuwa imepoteza nguvu, Warumi waliita hali hiyo desuetudo, yaani kufa kwa kutotumika. Mwanasheria wao Julianus, wa karne ya 2, alieleza kwamba sheria hutufunga kwa sababu watu wameiridhia, na kwa hiyo watu wale wale wanaweza kuiondoa kimyakimya kwa kuacha kuifuata.

Mzozo uko hapa: je, jaji anaruhusiwa kutangaza kifo hicho? England imejibu kwamba haruhusiwi, na kesi inayoonyesha ugumu wa jibu hilo ni ya Abraham Thornton. Mwaka 1817 alishitakiwa kwa kumuua msichana aitwaye Mary Ashford, akaachiwa huru. Kaka wa marehemu, William, akatumia utaratibu wa kale uliomruhusu ndugu wa aliyeuawa kumshitaki upya mtuhumiwa. Mwezi Novemba mwaka huo Thornton alisimama mahakamani London, akakana kosa, akasema yuko tayari kujitetea kwa mwili wake, kisha akavaa glavu moja ya ngozi na kuitupa ya pili sakafuni. Alikuwa anadai haki ya kupigana na mshitaki wake, haki ambayo kwa vizazi vingi hakuna aliyeitumia. William, kijana mwembamba mbele ya mtu mwenye misuli, hakuiokota glavu ile. Mwaka 1818 majaji waliamua kwamba, wapende wasipende, sheria ile haijafutwa, hivyo bado ni sheria. Thornton akaenda zake, na mwaka 1819 Bunge likaifuta.

Jirani yake Uskoti ina msimamo mwingine, lakini kwa sheria za Bunge la zamani la Uskoti tu, zilizotungwa kabla ya muungano wa 1707. Huko nako miaka mingi ya ukimya haitoshi peke yake. Lazima ithibitike pia kwamba jamii imejenga desturi inayopingana na sheria hiyo. Nchini Marekani, mahakama ya juu ya jimbo la West Virginia ilikubali mwaka 1992 kwamba sheria ya jinai inaweza kufa hivyo, iwapo inakataza jambo lisilo ovu kwa asili yake, inavunjwa waziwazi na watu wengi kwa muda mrefu, na serikali inajulikana kuwa haiitekelezi.

Afrika Mashariki ilirithi msimamo wa England. Kenya ilipokea sheria za huko kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na Tanganyika kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, pamoja na kanuni kwamba sheria haizeeki. Ndiyo maana sheria ndogo ya enzi za ukoloni ikisahaulika kabatini hubaki hai mpaka ifutwe, au mpaka mahakama iseme kwamba inakiuka Katiba. Na hapo mahakama huwa inapima maudhui yake, si umri wake. Kwangu mimi hili ni jambo la kutia hofu. Sheria inayotumika kila siku humgusa kila mtu, na watu wakiumia hupiga kelele ikarekebishwa. Iliyolala haina wa kuilalamikia, na siku ikiamshwa, anayeiamsha ndiye anayechagua imwangukie nani.

Adhabu ya kifo hutajwa sana kama mfano, ingawa haifanani kabisa na hali hii. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, na Tanzania tangu katikati ya miaka ya 1990, lakini majaji wa nchi zote mbili wameendelea kuitamka hukumu hiyo. Sheria yenyewe inatumika. Kilichosimama ni utekelezaji wake. Mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia adhabu wafungwa zaidi ya 4,000 wakapewa kifungo cha maisha. Mwezi Septemba 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba asipelekewe orodha ya watu wa kunyongwa. Kauli ile iliwapa nafuu waliokuwa wakisubiri magerezani, lakini haikufuta neno hata moja katika Kanuni ya Adhabu, na haikumfunga rais yeyote atakayekuja baada yake.