Springi nzito hazikuongezei hata kilo moja

"Fundi, nifungie springi nzito, safari hii tunapakia sana." Nimeisikia tena asubuhi ya leo, na kama kawaida nikajibu kwa swali: gari lina uzito gani sasa hivi? Mteja hakujua. Tela je? Hakujua. Pua ya tela, yaani ncha yake ya mbele inayofungwa kwenye gari, inalikalia gari kwa kilo ngapi? Hakuwahi kufikiri kwamba hilo nalo hupimwa. Ana miezi miwili ya kupita jangwani na milimani pamoja na mke na watoto wawili, na jambo pekee ambalo hajalipima ndilo litakaloamua kama watarudi na gari zima.

Basi niseme wazi. Springi nzito haziongezi uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba. Ile namba ya uzito wa juu kwenye kibati cha gari haikupatikana kwa kuangalia springi peke yake. Mtengenezaji alihesabu chasisi, ekseli, beringi za magurudumu, breki na matairi. Ukibadilisha springi, hivyo vingine vyote vimebaki vilevile. Ulichobadilisha ni kimo cha nyuma tu. Jana gari lilikuwa linachuchumaa, ukaona limeelemewa. Leo limesimama vizuri, na mzigo ni uleule. Hapo ndipo panaponiuma. Springi ya mwanzo ilikuwa inakuonya, nawe umeiziba mdomo.

Ziko nchi zenye utaratibu wa kupandisha kiwango hicho kisheria, kwa seti ya vifaa iliyojaribiwa na kuidhinishwa kwa aina ya gari lako hasa. Hiyo ni kazi ya wahandisi na hati, haifanani kabisa na kuongeza bamba mbili za springi Jumamosi mchana.

Fanya hesabu nami. Chukua gari linaloruhusiwa kilo 3,000, nalo tupu ni kilo 2,100. Umebakiwa na 900. Watu wanne, kilo 300. Bampa la chuma na winchi, 100. Keria na hema la juu yake, 100. Tangi la pili lenye lita 80 za dizeli, karibu kilo 67. Maji lita 60, kilo 60. Friji iliyojaa, 40. Zana na spea, 60. Tairi la pili la akiba, 35. Hapo ni 762. Sasa funga tela ambayo pua yake inakandamiza kilo 150: umefika 912. Umeshapita kiwango, na hujaweka begi hata moja.

Tena hizo 150 za pua hazikai pale zinapowekwa. Zinaning'inia nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo zinafanya kazi kama mtu aliyekalia ncha ya ubao. Tuseme umbali kati ya ekseli mbili ni mita 3, na kiungo cha tela kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya nyuma inapata kilo 210, na ya mbele inanyanyuliwa kilo 60. Ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika vilele vya miti, na magurudumu ya mbele, yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki, yanaishika barabara vibaya. Springi ngumu za nyuma hazirudishi hizo kilo 60 mbele. Zinakuinulia makalio tu ili usijue kwamba zimeondoka.

Niliwahi kuletewa pikapu ya kabini mbili juu ya lori la kubebea magari. Mwenyewe alikuwa ameweka mifuko ya hewa juu ya springi za nyuma mahali pengine, akaijaza upepo mpaka gari likakaa sawasawa, akafunga tela na kuingia njia ya mashimo. Nilitazama upenyo kati ya kabini na bodi ya mizigo: juu vidole vitatu vilipita, chini hata kimoja hakikupita. Chasisi ilikuwa imepinda, na rangi yake imepasuka mistari midogo pande zote mbili, juu kidogo ya ile mifuko. Sababu si fumbo. Springi za bamba huukabidhi mzigo kwa chasisi kupitia ncha zake mbili, moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma. Mfuko wa hewa uliojazwa sana unaubeba mzigo huo katikati, mahali pamoja, na tela inayoning'inia nyuma inaikunja chasisi juu ya mahali hapo kwa kila shimo. Mifuko ya hewa ina kazi yake, kusawazisha kimo kidogo gari likiwa ndani ya kiwango. Mzigo uliozidi haiutibu.

Kwa hiyo siku hizi sigusi springi za mtu kabla hajaniletea karatasi ya mizani. Pakia kama siku ya kuondoka: matangi yamejaa, maji yamejaa, familia nzima ndani. Pima ekseli ya mbele, ya nyuma, kisha tela. Pua ya tela ipime peke yake, tela ikiwa imelala sawa katika kimo kilekile cha kuvutwa. Lenga karibu asilimia 10 ya uzito wa tela yote, bila kuzidi kiwango cha kiungo chenyewe. Halafu punguza. Kila mteja aliyepunguza amenilalamikia, na sijaona aliyerudi akiniambia kwamba alihitaji jiko la pili. Baada ya kupunguza ndipo tunachagua springi na shokomzoba zinazolingana na uzito halisi, na hapo mara nyingi tunakuta kwamba za kawaida, zikiwa nzima, zinatosha.

Kuna waliosikia habari za uzito wa pua wakaenda upande wa pili kabisa: "Nitaweka vizito nyuma ya tela ili pua iwe nyepesi." Usithubutu. Tela yenye uzito mkiani huanza kuyumba ukiongeza mwendo, na ikishaanza inakuvuta nawe. Vizito viwekwe chini, karibu na ekseli ya tela, vikielemea mbele kidogo. Ikiyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara bila kupigana nao, na kama tela ina breki za umeme, zibonyeze kwa mkono peke yake. Usiongeze mwendo ukidhani utainyoosha.

Wengine huniambia, "Upepo mwingi unalinda tairi." Kwenye lami ukiwa na mzigo, fuata kiwango cha mzigo huo. Kwenye njia ya vumbi yenye mawimbi kama bati la paa, tairi gumu linapasuliwa na mawe kwa urahisi zaidi na kupeleka kila kishindo kwenye shokomzoba, mpaka mafuta yake yanachemka. Punguza kama robo ya upepo, na upunguze mwendo pia, maana tairi laini likikimbizwa linapata joto na kuharibika. Kwenye mchanga mlaini, gari likiwa na mzigo, mimi huanza na upepo wa psi 18. Matairi ya tela nayo yapunguzwe. Watu huyasahau, kisha wanashangaa gari linavuta kama lina nanga. Na soma tarehe ya tairi: tarakimu 4 za mwisho za namba inayoanza na DOT kwenye ubavu, 2319 ikimaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya tela yana kashata (meno ya tairi) nzuri kwa sababu hayatembei sana, huku mpira wenyewe umezeeka.

Snokeli, lile bomba la hewa linalopanda hadi usawa wa paa, haikufanyi uwe mashua. Inaipa injini hewa kutoka juu, na faida yake kubwa ya kila siku ni kuepuka vumbi zito. Difu na giaboksi zina vipumuo vyake, yaani matundu ya kupitishia hewa. Difu yenye moto ikizama kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani hunywea na kuvuta maji, na mafuta yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Refusha mipira ya vipumuo mpaka juu kwenye injini kabla hujafikiria snokeli.

Hili linalofuata nalisema kwa kila mtu, hata asiyeniuliza. Gari likikwama, kamwe usifunge mkanda wa kuvutia kwenye tufe la tela. Tufe lile limetengenezwa kwa kukokota. Halikutengenezwa kwa kuvumilia mkanda unaonyooka na kukaza ghafla. Likikatika linaruka kama risasi, linapita kioo, na watu wameshakufa hivyo. Funga kwenye ndoano za kuokolea zilizopimwa na kuandikwa kiwango chake, na wasiohusika wakae mbali.

Mwisho, "tela haina injini, haihitaji huduma." Ina beringi, na hizo ndizo huwalaza watu njiani. Habu, yaani kitovu cha gurudumu chenye beringi hizo, ikiingia mtoni ikiwa na joto, inavuta maji kupita sili kama ile difu, grisi inaoshwa, kutu inaanza usiku uleule. Kabla ya kuvuka, simama dakika kadhaa ipoe. Zifungue na kuzipaka grisi upya kabla ya safari, ubadilishe sili hata kama zinaonekana nzuri. Beba seti kamili kwa kila upande, tayari imepakwa grisi na kufungwa kwenye mfuko safi. Ukiagiza tela mpya, dai magurudumu yenye stadi (boliti za kufungia gurudumu) zinazolingana na za gari, ili tairi la akiba liwe moja kwa yote. Siku ya kwanza simama baada ya kilomita 50 na usogeze kiganja karibu na kila habu. Zote ziwe na joto linalofanana. Moja ikiwa na moto kuliko wenzake, hapo hapo toa jeki.