Kirusi cha panya na siku ambayo binadamu haikumbuki

Watu wakisikia kwamba ninachunguza kirusi cha panya, swali la kwanza huwa lilelile: kwa nini usichunguze cha binadamu chenyewe? Ni swali la haki, na jibu lake ndilo linalonifanya niipende kazi hii.

Chukua kirusi cha Epstein-Barr. Kiligunduliwa mwaka 1964 katika seli za limfoma ya Burkitt, ile saratani inayovimbisha taya za watoto barani Afrika, na leo tunajua kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho. Wengi walikipata utotoni bila hata kulala kitandani. Ndugu yake, kile kinachosababisha sarkoma ya Kaposi, saratani inayoonekana hasa ngozini, kilitambuliwa mwaka 1994. Vyote viwili ni virusi vya familia ya hepesi, kundi la gama: vikishaingia mwilini havitoki tena. Watu wengi haviwadhuru, wachache huwaletea saratani, hasa kinga ikishuka.

Sasa, nani atakuambia kirusi kiliingia siku gani? Kijana anayepata homa ya tezi kwa Epstein-Barr hufika kwa daktari wiki 4 hadi 6 baada ya kuambukizwa, na mengi ninayotaka kuyaona yameshapita. Kumwambukiza mtu kwa makusudi haiwezekani. Na ukimpa panya wa maabara kirusi cha binadamu, hakimshiki.

Ndipo tunapokihitaji kirusi changu cha panya, hepesi ya kundi hilohilo tunayoiita namba 68. Watafiti wa Chekoslovakia walikitoa kwa panya wa msituni huko Slovakia katika miaka ya 1970, wakachapisha taarifa yake mwaka 1980. Kwanza kilidhaniwa kuwa cha ukoo mmoja na hepesi ya midomo. Jeni zake ndizo zilizosahihisha kosa hilo, na ziliposomwa zote mwaka 1997 zilionekana kama 80 hivi, nyingi zikiwa na wenzao katika vile virusi viwili vya binadamu. Zaidi ya yote, panya wa maabara anakipata.

Panya akiwa amelazwa kwa dawa, ninamdondoshea tone puani, naye analivuta kwa pumzi. Daftarini naandika: siku 0. Kwa wiki ya kwanza kirusi kinazaana mapafuni. Kufikia siku ya 10 hadi 12 kinga imekisafisha, na mapafu ukiyasaga huambulii kirusi hai. Ungesema amepona. Lakini mtazame siku ya 14: wengu umevimba, na kirusi kimo ndani ya seli B, zile seli za damu zinazotengeneza kingamwili, kimetulia tuli, karibu jeni zake zote zimezimwa. Ndivyo Epstein-Barr inavyojificha kwetu, katika seli zilezile.

Utakionaje kitu kilichonyamaza? Kipimo tunachokitumia ni cha subira. Unasaga wengu taratibu hadi seli ziachane, unazipunguza kwa hatua, kisha unazimwaga kwenye sahani ya vishimo 96, ambavyo kila kimoja kina tandiko la seli changa za panya. Kando yake unaweka sahani pacha, seli zake zimepondwapondwa kwanza. Hii ya pili wanafunzi huiona kama usumbufu, nami naisimamia kwa ukali. Seli iliyopondwa haiwezi kuamsha kirusi, kwa hiyo kikitokea hapo, kilikuwa hai tangu mwanzo, hakikuwa kimelala. Baada ya wiki mbili hivi unakaa kwenye hadubini, kishimo baada ya kishimo. Penye kirusi kilichoamka, tandiko limevurugika: seli zimejikunja kama punje, zimeng'oka, zinaelea. Hata maambukizi yakiwa kileleni, ni seli moja tu ya wengu kati ya maelfu inayoamsha kirusi.

Kwa njia kama hizi tumejifunza nini kinachokizuia kisiamke. Panya wasioweza kuipokea ishara ya interferoni gama, protini ambayo seli za kinga huitumia kuitana, hupata uvimbe sugu kwenye mishipa mikubwa ya damu. Mwaka 2014 ikaonyeshwa kwamba minyoo ya tumbo inaweza kukiamsha, kwa sababu kinga inayopambana na minyoo hutoa ishara ambazo kirusi kimejifunza kuzisikiliza. Matokeo hayo bado yananigusa. Yanatukumbusha kwamba mwili hauugui ugonjwa mmoja mmoja kwa zamu.

Simtetei panya kupita kiasi. Jeni kadhaa ambazo Epstein-Barr hutumia kugeuza seli B kuwa za saratani hazimo katika namba 68, na panya mwenye kinga kamili hupata uvimbe wa saratani kwa nadra. Anayetaka kujua saratani inaanzaje asitegemee kirusi hiki peke yake.

Ila kwenye chanjo, panya alituonya mapema. Mwaka 1999 panya walichanjwa kwa protini moja ya ganda la kirusi. Dalili zinazofanana na homa ya tezi zilipungua sana, lakini kirusi kilijificha mwilini vilevile. Mwaka 2007 yakachapishwa matokeo ya chanjo ya Epstein-Barr iliyotengenezwa kwa protini ya ganda lake na kujaribiwa kwa vijana: homa ya tezi ilipungua, maambukizi hayakuzuilika. Baadaye panya wakachanjwa kwa kirusi kizima, hai, kilichoondolewa jeni inayokiwezesha kulala. Hao walipoambukizwa kirusi kamili, hakikupata nafasi ya kujificha kwa kiwango cha kawaida. Kwa binadamu hatuwezi kutoa kirusi hai cha saratani kirahisi hivyo, kwa hiyo kazi ya sasa ni kujua kinga ya panya wale iliona nini ambacho protini moja ya ganda haikuionyesha. Sahani zangu za wiki hii ni za swali hilo.